Je, Wajua? Aspirini Hulinda Mshipa Mpya wa Moyo

Je, wajua kwamba mafanikio ya upasuaji wa kupandikiza mishipa ya moyo hutegemea pia kidonge cha bei nafuu? Daktari huchukua mshipa wa mguuni au kifuani na kuipa damu njia mpya ya kupita palipoziba, lakini damu inaweza kuganda humo na kuuziba upya. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002, wenye wagonjwa 5,065 katika nchi 17, ulionyesha kuwa waliopewa aspirini ndani ya saa 48 baada ya upasuaji walifariki asilimia 1.3, na wasiopewa asilimia 4.0.

Wapo watakaosema aspirini huleta kutokwa damu, au kwamba wasiopewa huenda walikuwa mahututi zaidi. Hoja ya pili ina uzito, kwani utafiti huo haukutumia kura kuamua nani apewe aspirini na nani asipewe. Hata hivyo, majaribio yaliyotumia kura yameonyesha kuwa aspirini husaidia mishipa mipya ibaki wazi. Na katika utafiti ule, kuvuja damu hakukuongezeka. Kwa hiyo mchimbaji wa Geita au mkulima wa pamba wa Kishapu anayefanyiwa upasuaji huo katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, hajamaliza matibabu anaporudi nyumbani. Aspirini na dawa ya kushusha lehemu kwa kawaida ni za maisha; asiziache kwa sababu tu maumivu yamekwisha. Akiishiwa, au dawa zikimsumbua, aende kituo cha afya kabla hajakatisha dozi.