Mtoto Akigeuza Uso, Ameshiba

Kamakis inasifika kwa nyama choma. Lakini katika magorofa ya kupangisha yaliyo karibu na Eastern Bypass wanaishi wazazi vijana wengi wanaodamka alfajiri kuwahi matatu ya Nairobi, mtoto akibaki na yaya. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 humpa mama likizo ya uzazi ya miezi mitatu, ilhali mtoto anapaswa kunyonya maziwa ya mama pekee kwa miezi sita. Chupa huingia katika pengo hilo.

Maziwa ya kopo si sumu. Kinachonitia wasiwasi ni agizo analoachiwa yaya: "Hakikisha amemaliza." Anayenyonya ziwa huacha mwenyewe akitosheka, wa chupa huamuliwa na aliyeishika. Akigeuza uso, akifumba mdomo au akilegeza viganja, ameshiba, hata chupa ikiwa nusu. Akilazimishwa kila siku, huzoea kula kupita shibe yake. Wala usizidishe kijiko cha unga wa maziwa eti alale, kwani huongeza protini: utafiti wa nchi tano za Ulaya, uliochapishwa 2014, ulionyesha kuwa waliopewa maziwa ya kopo yenye protini nyingi walikuwa na hatari ya unene uliokithiri zaidi ya mara mbili walipofika miaka sita, wakilinganishwa na waliopewa yenye protini kidogo.

Mama anaweza kukamua maziwa. Kwenye friji hukaa hadi siku nne, na mtoto akanyweshwa kwa kikombe. Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge chumba cha kazi hiyo. Kidai.

Baada ya miezi sita, anza na vijiko viwili vitatu vya chakula kizito: uji wa wimbi, malenge, maharagwe yaliyopondwa, yai. Chumvi na juisi vingoje atimize mwaka, na sukari ingoje atimize miaka miwili.

Hata hivyo, asipunguziwe mtoto chakula kwa hofu. Takwimu za kitaifa za 2022 zilionyesha asilimia 18 ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa, na asilimia 3 tu wana uzito uliozidi. Ila miongoni mwa wanawake wa miaka 20 hadi 49, waliozidi uzito ni asilimia 45, na mazoea ya kula huanza mapema.

Mkienda kliniki, msiridhike na mizani peke yake. Mwombeni muuguzi ampime mtoto na urefu, kwani kilo kumi za mtoto mrefu na kilo kumi za mtoto mfupi si habari moja.