Vazi la ngozi la Hanang: Si kila kilichoshonwa ni cha kuuzwa

WAKAZI wa mijini wanaokwenda Hanang na Mbulu mkoani Manyara kwa mapumziko ya mwisho wa wiki hupenda kurudi na kitu kilichotengenezwa kwa mkono. Wengine hununua mkufu wa shanga, wengine bangili ya shaba au kibuyu kilichopambwa. Wapo pia wanaoulizia sketi ya ngozi yenye matamvua marefu, vazi la mwanamke wa Kibarabaig. Ombi hilo huonekana dogo kwa mgeni, lakini kwa anayeombwa si dogo hata kidogo.

Ili kuelewa sababu, ni vyema kuanza na wenyeji wenyewe. Mbulu na Hanang ni miongoni mwa maeneo machache barani Afrika ambako wazungumzaji wa makundi makubwa manne ya lugha wanaishi kwa ujirani. Wairaqw, ambao wengi huwaita Wambulu, huzungumza lugha ya Kikushi na ni wakulima na wafugaji wa nyanda za juu. Wabarabaig, ambao ni sehemu ya Wadatoga, ni Waniloti na wafugaji wa ng'ombe katika tambarare zinazouzunguka Mlima Hanang. Wahadzabe wanaishi bonde la Yaeda, na jirani zao wa upande wa kusini na magharibi ni Wabantu.

Katika jamii hizo, kazi ya kushona na kutunga shanga haikuwa na karakana wala saa maalumu. Ilifanywa katika muda uliobaki baada ya kukamua, kusaga na kuchota maji. Mwanamke aliketi kivulini na wenzake, mikono ikifanya kazi na mazungumzo yakiendelea. Kwa macho ya mtu wa mjini, hiyo ni kazi ya kupitishia muda. Hata hivyo, baadhi ya vilivyotoka katika mikono hiyo vilibeba uzito ambao pambo la kawaida halina.

Sketi ya ngozi, ambayo kwa Kidatoga huitwa hanang'weanda, ni mfano ulio wazi. Ngozi hutandazwa juani kwa vigingi, hukwanguliwa manyoya, kisha husuguliwa kwa mafuta hadi ilainike kama kitambaa. Baadaye hukatwa kuwa vipande na mikanda myembamba, ambayo hushonwa na kupambwa kwa shanga. Ni kazi ya subira, kwa kuwa ngozi iliyokaushwa kwa haraka hukakamaa na iliyolainishwa vibaya hupasuka.

Vazi hilo ni la mwanamke aliyeolewa. Linahusishwa na baraka na uzazi, na huvaliwa hasa katika sherehe na shughuli za ibada. Kwa hiyo si nguo tu. Ni alama ya hadhi ya mwanamke katika jamii ambayo iliwapa wanawake sauti yao. Mwanaanthropolojia George Klima, katika maandishi yake ya miaka ya 1960 na 1970, alieleza jinsi wanawake wa Kibarabaig walivyokuwa na baraza lao lenye uwezo wa kumtoza faini ya ng'ombe mwanamume aliyewakosea wanawake. Anayeitazama sketi hiyo kama kumbukumbu ya safari haoni jambo hilo.

Upande wa Mbulu, Wairaqw nao walikuwa na sketi za ngozi zilizojazwa shanga kwa ustadi mkubwa. Wasichana walizishona walipokuwa wametengwa katika unyago ulioitwa marmo. Unyago huo ulikoma wakati wa utawala wa Waingereza, na mafunzo ya ushonaji yaliyokuwa ndani yake yakakosa mahali pa kufanyika. Leo sketi za aina hiyo huonekana zaidi katika makumbusho na mikononi mwa wakusanyaji wa sanaa nchi za nje kuliko Mbulu kwenyewe. Hivyo ndivyo utaalamu unavyoweza kutoweka hata pale ambapo jamii yenyewe ingali hai na inaongezeka.

Kwa Wabarabaig, sababu za kupungua kwa vazi hilo ni zaidi ya moja. Ya kwanza ni ardhi. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, mashamba makubwa ya ngano yaliyosimamiwa na Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula (NAFCO), kwa msaada wa Kanada, yalichukua takriban ekari 100,000 katika tambarare za Basotu, ambazo zilikuwa malisho bora ya mifugo. Wananchi wa kijiji cha Mulbadaw walikwenda mahakamani, lakini mwaka 1985 Mahakama ya Rufani iliamua kwa upande wa shirika. Malisho yakipungua, mifugo hupungua, familia hutawanyika kutafuta nyasi, na ngozi pamoja na muda wa kuishughulikia huwa haba.

Sababu ya pili ni mtazamo wa wakubwa. Mwishoni mwa miaka ya 1960, viongozi wa Mkoa wa Arusha, ambao wakati huo ulijumuisha Mbulu na Hanang kabla ya Manyara kuwa mkoa mwaka 2002, waliendesha kampeni ya kuwataka Wamasai waache mavazi yao ya asili. Ujumbe wake haukuishia kwa Wamasai: mavazi ya kifugaji yalionekana kuwa dalili ya kuchelewa kimaendeleo. Shule, kanisa na duka la vitambaa navyo vilifanya kazi yao taratibu. Kitenge hununuliwa asubuhi na kuvaliwa jioni, jambo ambalo ngozi haiwezi kushindana nalo.

Sababu ya tatu ni soko. Mwenye shida ya ada au matibabu anapokutana na mnunuzi mwenye fedha mkononi, vazi la mama linaweza kuondoka. Fedha hiyo huisha, na sketi nyingine haishonwi kirahisi.

Suala hilo si la Manyara peke yake. Katika kijiji cha Gee's Bend, jimbo la Alabama nchini Marekani, wanawake Weusi maskini walikuwa wakishona mablanketi ya viraka kutokana na nguo kuukuu ili kuzikinga familia zao na baridi. Mwaka 2002 mablanketi hayo yaliwekwa katika maonyesho ya makumbusho ya sanaa ya Houston na New York, na mwaka 2006 yakachapishwa kwenye stempu za posta. Sifa ilipokuja, likaja pia swali la mgawo. Mwaka 2007 baadhi ya washonaji walifungua kesi wakidai kwamba hawakupata haki yao katika mapato. Madai hayo yalimalizwa mwaka uliofuata, lakini somo lilibaki: kazi ya mapumziko ya maskini inaweza kuwa mali ya thamani, na mwenye kuishona akawa wa mwisho kufaidika.

Je, mgeni afanye nini? Hakuna anayesema asinunue. Minada ya Katesh na vijiji vya jirani ni soko na matembezi kwa wakati mmoja. Watu huvaa vizuri, hukutana na ndugu, hula nyama choma na kuuza mifugo. Huko hupatikana vitu vilivyotengenezwa kwa ajili ya kuuzwa: mikufu ya shanga, mikanda, na bangili ambazo wahunzi wa Kidatoga huzifua kutokana na shaba ya vyuma chakavu. Kununua bangili kwa mhunzi mwenyewe humwachia fedha na hamu ya kutengeneza nyingine.

Kwa sketi ya ngozi, busara ni kutofautisha iliyoshonwa kwa ajili ya soko na iliyovaliwa na mwenyewe. Ya kwanza inaweza kuagizwa kwa mshonaji, kwa bei inayolingana na kazi yake. Ya pili ni bora ibaki nyumbani. Aidha, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inaweka masharti juu ya kutoa mali za kale nje ya nchi, hivyo anayenunua kwa niaba ya rafiki wa ng'ambo hana budi kuulizia kwanza.

Anayetaka kupanda Mlima Hanang, wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400, anaweza kupitia njia ya Jorodom kutoka Katesh, akiwa na mwongozaji wa eneo hilo na akiepuka msimu wa mvua. Desemba 3, 2023 maporomoko ya tope kutoka mlimani humo yaliua zaidi ya watu 80 mjini Katesh na katika vijiji vya jirani. Watu wa huko wanahitaji wageni na fedha zao. Lakini shida ya muuzaji isiwe punguzo la mnunuzi, hasa pale kinachouzwa ni vazi ambalo binti yake hajafundishwa bado kulishona.