Alama 67: Muuguzi wa Temeke na Mfumo wa Kanada wa Kuchagua Wataalamu

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu wakazi 1,346,674 katika Manispaa ya Temeke. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kwamba nchi inayotaka kufikia malengo ya maendeleo endelevu katika afya huhitaji madaktari, wauguzi na wakunga 4.45 kwa kila watu 1,000. Kwa kipimo hicho, wakazi wa Keko, Chang'ombe, Tandika, Mbagala na kata nyingine za Temeke wangehitaji wahudumu wapatao 6,000 wa kada hizo tatu. Foleni ya asubuhi katika kituo chochote cha umma yatosha kuonyesha kuwa idadi hiyo bado iko mbali.

Hata hivyo, wahitimu wa fani hizohizo wapo mitaani wakisubiri ajira. Mwaka 2017 Kenya iliiomba Tanzania madaktari 500. Mpango huo ulipozuiwa mahakamani nchini Kenya, Rais John Magufuli aliagiza waajiriwe na Serikali madaktari 258 waliokuwa wamejitokeza kuomba na kukidhi vigezo. Hapo ilidhihirika kwamba upungufu wa wahudumu na ukosefu wa ajira vyaweza kuishi katika nyumba moja.

Kutokana na hali hiyo, watu wengi husema: waliokosa ajira na waende nje. Kauli hiyo ina mantiki kwa juu juu, lakini haielezi jinsi nchi tajiri zinavyochagua watu.

Mfumo wa alama hufanyaje kazi?

Kanada ilianza kuchagua wahamiaji kwa alama mwaka 1967, na baadaye nchi nyingine, zikiwamo Australia na Uingereza, zikafuata njia hiyo kwa namna zao. Nchini Uingereza mwombaji huhitaji alama 70, na hawezi kuzipata bila kwanza kuwa na mwajiri aliyeidhinishwa. Katika mpango wa Kanada wa wafanyakazi wenye ujuzi, mwombaji anaweza kuanza bila mwajiri, na ndiyo maana mpango huo huzungumzwa sana na wahudumu wa afya.

Mwombaji hupimwa kwa mambo sita yenye jumla ya alama 100: lugha (28), elimu (25), uzoefu wa kazi (15), umri (12), kazi aliyokwisha kuahidiwa (10) na uwezo wa kuzoea maisha ya huko (10). Anayepata alama 67 au zaidi hukubaliwa kuingia katika orodha ya wanaosubiri.

Chukulia mfano wa muuguzi mwenye umri wa miaka 29, mwenye shahada ya kwanza na uzoefu wa kazi wa miaka minne, asiye na mwajiri wala ndugu Kanada. Umri humpa alama 12, shahada 21 na uzoefu 13. Jumla ni 46. Akipata alama 6.0 katika kila sehemu ya mtihani wa Kiingereza wa IELTS, huongezewa 16 na kufikia 62; hajafaulu. Akipanda ngazi moja, hufikia 66. Bado pungufu ya alama moja. Akipata 8.0 katika kusikiliza na 7.0 katika kusoma, kuandika na kuzungumza, hufikia 70, na mlango hufunguka. Shahada yake ni ileile na mikono yake ni ileile. Kilichobadilika ni mtihani wa lugha pekee.

Kuingia katika orodha si kuchaguliwa. Tangu Januari 2015, chini ya utaratibu uitwao Express Entry, walio katika orodha hushindanishwa tena kwa alama zinazoweza kufika 1,200, na wenye alama za juu ndio wanaoalikwa. Hapo umri huwa na uzito mkubwa: mwenye miaka 20 hadi 29 hupata alama zote za umri, kisha hupungua mwaka hadi mwaka, na anayefikisha 45 hapati hata moja. Tangu mwaka 2023 Kanada hufanya pia uteuzi maalumu kwa ajili ya fani za afya.

Anayechukuliwa ni nani?

Jambo linalosahaulika ni uzoefu. Mwombaji lazima awe na angalau mwaka mmoja mfululizo wa kazi yenye malipo, ndani ya miaka kumi iliyopita. Kazi ya kujitolea haihesabiwi. Mhitimu anayejitolea katika zahanati ya Temeke kwa miaka miwili, akizalisha na kuchoma sindano kama wenzake walioajiriwa, kwa mfumo huu hana uzoefu wowote.

Basi mfumo wa alama hauwachukui waliokosa ajira. Huwachukua waliokwisha kuajiriwa, wakafundishwa na wakubwa wao wodini, wakazoea kazi, na bado ni vijana. Mtu huyo ndiye anayeshika zamu ya usiku peke yake na ndiye anayemwelekeza muuguzi mpya. Akiondoka, nafasi yake yaweza kujazwa kwa barua ya ajira, lakini uzoefu wake haujazwi kwa barua. Katika kliniki ya methadoni ya Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Temeke, kwa mfano, dozi hutolewa kila siku mbele ya mhudumu. Huduma ya aina hiyo haiwezi kusubiri mrithi apatikane.

Kibali cha kuishi si leseni ya kazi

Kosa linalowagharimu wengi ni kudhani kwamba kupata ukaazi wa kudumu ni kuruhusiwa kutibu. Hiyo ni milango miwili tofauti. Idara ya uhamiaji humruhusu mtu kuishi nchini. Kumruhusu kumgusa mgonjwa ni kazi ya chombo cha taaluma cha jimbo husika. Kwa kawaida muuguzi hufanya mtihani wa NCLEX-RN. Daktari hufanya mtihani wa Baraza la Madaktari la Kanada, na mara nyingi huhitaji kupata nafasi ya mafunzo hospitalini, nafasi ambazo ni chache. Wapo madaktari wahamiaji walioishia katika kazi zisizohusiana na udaktari, na hivyo kupotea kwa nchi zote mbili.

Anayefikiria safari hii anashauriwa kuanza na mlango wa pili: aulize chombo cha taaluma kabla ya kulipia chochote. Ahuishe leseni yake kwa Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania au Baraza la Madaktari Tanganyika, kwa kuwa uthibitisho wa mwenendo wake kitaaluma utaombwa huko. Ajihadhari na dalali anayeahidi kumwongezea alama. Barua ya uzoefu ya kughushi ikigunduliwa, mwombaji aweza kufungiwa Kanada kwa miaka mitano, dalali hafungiwi.

Wajibu ni wa nani?

Mei 2010 Baraza la Afya Duniani lilipitisha Kanuni za Kimataifa za Uajiri wa Wahudumu wa Afya. Mwaka 2023 WHO ilitaja nchi 55 zenye upungufu mkubwa zaidi wa wahudumu, Tanzania ikiwamo, na kuzitaka nchi tajiri zisiende kuajiri huko bila makubaliano. Lakini kanuni hizo ni za hiari, na hazimzuii mtu kuomba kwa utashi wake. Mfumo wa alama hupita katika nafasi hiyo: nchi haiji Temeke kumtafuta muuguzi, huweka ngazi, naye akapanda mwenyewe.

Muuguzi anayepanda ngazi hiyo hajamsaliti mgonjwa. Ana haki ya kutafuta maisha, na mgonjwa ana haki ya kuhudumiwa. Haki hizo mbili hazipatanishwi kwa kumlaumu anayeondoka. Hupatanishwa kwa kumwajiri mapema anayejitolea, kwa kumpandisha daraja kwa wakati aliye kazini, na kwa viongozi wa vituo kuhakikisha kwamba kila ujuzi muhimu unashikwa na zaidi ya mtu mmoja. Naye mgonjwa wa kisukari, shinikizo la damu au kifua kikuu aliyezoea mhudumu mmoja akumbuke kwamba matibabu yake yameandikwa katika kadi na jalada lake. Mhudumu akiondoka, tarehe ya kliniki inabaki ileile, na dawa haipaswi kukatishwa hata siku moja.