SALAMU SI MKONO TU



Ukimwuliza mwanafunzi maana ya adabu, atakutajia mambo mengi: kutokata wakubwa neno, kutosema na chakula kinywani, kusimama mwalimu akiingia. Ni kweli yote. Lakini iko adabu moja inayotangulia zingine, nayo ni salamu. Tunaitumia mara nyingi kwa siku, na mara nyingi vilevile tunaiharibu. Kwa hiyo leo tuieleze hiyo moja tu.

1. Salamu ni nini?

Kusalimia ni kumwambia mwenzako: nimekuona, ninakuhesabu kuwa mtu. Ndiyo maana hapa Goma mtu aliyepitwa bila neno hasemi tu «hakunisalimia», anasema «amenizarau».

Kanuni zake zinajulikana. Anayefika anawasalimia aliowakuta. Anayepita anawasalimia walioikaa. Mdogo anaanza kwa neno, lakini mkubwa ndiye anayetoa mkono, mdogo asimwendee nao mbio. Unaupokea kwa mkono wa kuume, na wa kushoto unashika mkono wako wa kuume kwa heshima. Kofia inatoka kichwani, na vidude vya muziki vinatoka masikioni. Mama anayefua ao fundi mwenye mafuta mikononi atakutolea kifundo cha mkono. Ukishike bila kukunja uso.

Kisha usikimbie. «Jambo mama.» «Jambo sana, mutoto wangu. Habari ya masomo?» «Muzuri tu, mama. Habari ya nyumbani?» Haichukui hata dakika moja.

2. Kila pahali na desturi yake

Mji wetu ni wa watu wengi: wa Butembo na Lubero, wa Masisi, Walikale, Rutshuru, na wa Bukavu ng'ambo ya ziwa. Kila kabila lina salamu zake, lakini «Jambo» ya Kiswahili inatutosha sisi wote. Sasa mwanafunzi wetu akifika Kigoma ao Dar es Salaam na kumwambia mzee «Jambo», mzee anaweza kuzani hakulelewa. Kule mtoto anasema «Shikamoo», na mkubwa anajibu «Marahaba». Hakuna mwenye kosa kati yao, ni desturi mbili tu. Mgeni mwenye adabu anauliza mapema: ninyi hapa munasalimiana ginsi gani?

3. Wakati mkono ulikatazwa

Wengi wetu tulikuwa wadogo, lakini tunakumbuka. Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ilitangaza Ebola katika Kivu ya Kaskazini, upande wa Beni. Tarehe 14 Julai 2019 mgonjwa wa kwanza alijulikana hapa Goma. Ebola inapita kwa damu, matapishi, jasho na maji mengine ya mwili wa mgonjwa, kwa hiyo mkono wa salamu ukawa jambo la kuogopesha. Kila mlango ulikuwa na ndoo ya maji ya dawa, na watu wakaanza kusalimiana kwa kiwiko. Ugonjwa ulitangazwa kuwa umekwisha tarehe 25 Juni 2020, baada ya kuua watu zaidi ya 2.200. Wakati huo Covid ilikuwa imekwisha kuingia nchini, nayo pia ikakataza mikono.

Mwanzoni wazee wengine walikasirika kunyimwa mkono. Lakini tuangalie vizuri: aliyeweka mkono kifuani, akainamisha kichwa kidogo na kuuliza habari ya watoto, huyo alisalimia kabisa. Alimheshimu mwenzake, tena alimlinda. Aliyepita kimya na kusema ni juu ya ugonjwa, huyo hakukatazwa na mtu. Ugonjwa ulikataza ngozi, haukukataza neno.

4. Sisi wenyewe

Kwa hiyo tujiulize wazi. Prefe wa masomo akitokea, mikono inatoka mifukoni upesi, na «Jambo Prefe» zinasikika mpaka barabarani. Lakini sentineli anayefungua mlango saa kumi na mbili ya asubuhi, na mama anayefagia vumbi la volkano darasani, wanapitwa kama mti. Kama salamu ni kumhesabu mtu, basi hapo tunamhesabu nani? Ile ya Prefe peke yake inaweza kuwa woga tu.

Tukumbuke vilevile kwamba salamu inatazama hali ya mtu. Anayesukuma chukudu yenye mzigo kwenye mlima hawezi kukupa mkono: msalimie kwa sauti na umpishe njia. Kwenye kilio hatuulizi «habari, ni muzuri?», tunasema «poleni» na kuikaa kimya pamoja nao. Na ukipanda moto, sema jambo kwa mwenye kuiendesha kabla ya kubishana bei.

Wadogo wetu wa darasa la saba na la nane wanatuangalia sisi wa darasa la mwisho. Wakituona tunachagua watu wa kusalimia, nao watachagua. Ninaomba tuanzie mlangoni, kesho kabla ya kengele: tumwulize sentineli habari ya usiku, kisha tusimame kusikia jibu lake.

Mkubwa wa wanafunzi, darasa la mwisho