Tuilinde Miembe ya Kambini

Miembe ya kambi zetu hapa Uganda inapochanua, kila nyumba hutazamia mavuno. Lakini yuko adui anyemeleaye: nzi wa matunda mwenye asili ya Asia, aliyegunduliwa Kenya mwaka 2003, kisha akavuka mpaka na kuingia kwetu. Jike hutoboa embe na kutaga mayai ndani yake. Mabuu hula nyama ya tunda, kisha huingia udongoni na kutoka wakiwa nzi wapya. Hivyo maembe mabovu yaachwayo chini ni maficho ya adui. Tuyaokote kila siku, tuyafukie kina cha nusu mita. Majimoto washonao viota vya majani tusiwaue, kwani huwafukuza nzi hao. Alindaye nchi asishindwe kulinda mwembe wa wanawe.