Kwa Nini Msichana Huacha Shule: Utafiti wa Profesa Penina Mlama

Miongoni mwa matatizo yanayowashughulisha wataalamu wa elimu ulimwenguni ni mdondoko, yaani wanafunzi kuacha masomo kabla ya kuyamaliza. Huko Marekani, Vincent Tinto alichapisha mwaka 1975 nadharia iliyopata umaarufu mkubwa. Akitumia fikra za Mfaransa Émile Durkheim, alieleza kwamba mwanafunzi haachi chuo kwa upungufu wa akili peke yake. Aghalabu huondoka kwa sababu hakupata kujiona kuwa mmoja wa jumuiya ya chuo, darasani wala nje ya darasa.

Nadharia hiyo ina manufaa, lakini humtazama mwanafunzi ambaye tayari amefika chuoni. Katika Afrika ya Mashariki wengi hupotea njiani, miaka mingi kabla ya hapo. Uchunguzi wa afya na idadi ya watu uliofanyika Tanzania mwaka 2015–16 ulionyesha kuwa katika Mkoa wa Katavi, ilimo kata ya Kasekese, asilimia 45 ya wasichana wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamekwisha kuzaa au walikuwa na mimba ya kwanza. Kiwango cha taifa kilikuwa asilimia 27, na hapakuwa na mkoa uliouzidi Katavi. Uchunguzi wa mwaka 2022 ulikuta kiwango cha taifa kimeshuka hadi asilimia 22. Takwimu hizi zisomwe kwa hadhari. Hazihesabu walioacha shule, kwani wapo miongoni mwao waliokwisha kuacha, au ambao hawakuanza kabisa. Hata hivyo, mwalimu wa sekondari kijijini hahitaji kuelezwa uhusiano uliopo kati ya mambo hayo mawili.

Nchini Tanzania, swali hili lilichunguzwa kwa kina na idara ambayo wachache wangeitazamia: ile ya sanaa za maonyesho ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Penina Muhando Mlama, aliyezaliwa Berega, Morogoro, mwaka 1948, alijulikana kwanza kwa tamthiliya zake. Mojawapo, Hatia (1972), inahusu msichana aliyepata mimba nje ya ndoa. Mwaka 1983 alipata shahada ya uzamivu kwa utafiti uliozitazama sanaa za jadi za Wakaguru kama chombo cha kufundishia. Huo ndio msingi wa kazi zake zilizofuata. Ikiwa ngoma iliweza kumfunza kijana, je, haiwezi pia kumpa kijana nafasi ya kuwafunza wakubwa?

Kati ya mwaka 1982 na 1983, Mlama pamoja na Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi walifanya kazi katika kijiji cha Malya, Mkoa wa Mwanza. Hawakwenda na mchezo uliokwisha kuandikwa. Waliwauliza wanakijiji matatizo yao, na mimba za wasichana wadogo zikawa miongoni mwa yaliyochaguliwa. Ngoma na michezo ilitungwa papo hapo na vijana wenyewe, kisha ikajadiliwa hadharani. Mlama aliieleza njia hiyo katika kitabu alichokitoa mwaka 1991.

Mwaka 1996 yeye na Lihamba waliipeleka njia hiyo katika shule za sekondari kwa mpango ulioitwa Tuseme. Wasichana hukutana na kutaja yale yanayowazuia kusoma; huchambua chanzo cha kila moja; huyatungia mchezo, wimbo au ngoma; huonyesha mbele ya walimu, wazazi na wanafunzi wenzao; kisha hadhira hujibu. Baada ya hapo klabu ya shule hufuatilia yaliyoahidiwa. Hatua hii ya mwisho ndiyo ngumu kuliko zote, maana kupiga makofi hakumgharimu mtu kitu. Baadaye Mlama aliliongoza shirika la FAWE lenye makao yake Nairobi, lililoundwa mwaka 1992, na Tuseme ikaenea katika nchi nyingine za Afrika.

Thamani ya kisayansi ya njia hii imo katika kumfanya mwanafunzi kuwa shahidi. Rejesta huandika «mtoro» au «mimba», maneno yanayomtaja msichana peke yake. Yeye akiulizwa kwa namna isiyomtia hofu, hutaja umbali wa shule, njaa, kazi za nyumbani, au mtu mzima anayemsumbua. Hayo yote yamo mikononi mwa watu wengine. Kwa miaka mingi aliyepata mimba alifukuzwa shule; ni Novemba 2021 ndipo serikali ilipotangaza kwamba ataruhusiwa kurudi katika mfumo rasmi baada ya kujifungua.

Shule ya kata kama Kasekese yaweza kuanza uchunguzi wake kwa daftari na kalamu. Chukua mfano: wanafunzi 120 wanaingia Kidato cha Kwanza, na miaka minne baadaye 84 wanafanya mtihani wa Kidato cha Nne. Waliopungua ni 36, lakini si wote walioacha. Ikiwa 10 walihamia shule nyingine na 6 wamerudia darasa, wanabaki 20, yaani mmoja katika kila sita. Majina hayo 20 yaandikwe, ya wavulana na ya wasichana mbalimbali, pamoja na kidato na mwezi ambao kila mmoja alionekana mara ya mwisho. Safu ya sababu iachwe wazi mpaka mwanafunzi mwenyewe, au rafiki aliyekuwa akitembea naye kwenda shule, aulizwe.