Daftari la Mkononi Litakapozima

Mtu anayetafuta kifaa cha bei nafuu cha kumtunzia namba za simu, miadi na orodha ya wanaomdai na anaowadai, huuliza maswali yaleyale: kioo kina ukubwa gani, memori ni kiasi gani, betri inakaa siku ngapi. Muuzaji ana majibu tayari, maana yamechapwa ubavuni mwa boksi. Swali ambalo halijachapwa kwenye boksi lolote ni hili: siku kifaa hiki kitakapozima kisiwake tena, kikitumbukia kwenye ndoo ya maji au kikichomolewa mfukoni ndani ya daladala, nitabaki na nini? Hoja yangu ni kwamba kwa mwenye fedha kidogo hilo ndilo swali la kwanza, na mengine yote, hata bei, yapange foleni nyuma yake. Fundi cherehani aliyekusanya namba mia tatu za wateja kwa miaka minane anaweza kununua simu nyingine akijibana miezi miwili. Zile namba hazipo dukani kwa bei yoyote. Kwa hiyo anaponunua kifaa, kitu chenye thamani ni kile atakachokitia ndani mwenyewe, na kifaa ni chombo tu cha kukibebea.

Vifaa hivi vina umri mkubwa kuliko wengi wanavyodhani, na historia yao ndiyo ushahidi wangu. Kampuni ya Psion ya Uingereza ilitoa Organiser yake mwaka 1984, na kufikia mwanzo wa miaka ya 1990 Sharp na Casio za Japani zilikuwa zinauza diari za kielektroniki zinazofunguka kama kitabu, zenye vitufe vidogo kama punje za mahindi. Ubovu wao haukuonekana kwa nje. Maneno yote yalishikwa na kumbukumbu inayokula umeme saa zote, hata kifaa kikiwa kimezimwa. Umeme ukikatika, kila kitu kinafutika. Ndiyo maana nyingi zilikuwa na betri za akiba kando ya zile za kazi, pamoja na onyo kwenye kijitabu cha maelekezo kwamba zisitolewe zote kwa mpigo. Waya wa kuunganishia na kompyuta mara nyingi uliuzwa peke yake. Asiyeununua alikuwa na nakala moja tu ya mambo yake yote, na nakala hiyo ilining'inia kwenye kibetri cha mfano wa sarafu.

Mwaka 1993 Apple ilileta Newton MessagePad kwa bei ya dola 699. Ilikuwa kubwa, ya kushikwa kwa mkono mzima, na ilijigamba kwamba inasoma mwandiko wa mtu yeyote. Haikuusoma vizuri, na ikawa kichekesho hadi kwenye katuni za televisheni za Marekani. Wakati huohuo, huko California, Jeff Hawkins, mwanzilishi wa kampuni ya Palm, alichonga kipande cha mti chenye ukubwa wa mfuko wa shati, akawa anatembea nacho kazini. Akitaka kuandika miadi alikitoa, akajifanya anagonga juu yake, akakirudisha mfukoni. Kila wazo jipya la wahandisi lilipimwa kwa kigogo kile: likifanya kifaa kinenepe, halipiti. Mwaka 1996 kikazaliwa Pilot 1000, dola 299, kumbukumbu ya kilobaiti 128, betri mbili nyembamba za kawaida zilizodumu wiki kadhaa. Badala ya kuisomesha mashine mwandiko wa binadamu, Hawkins alimfundisha binadamu herufi chache zilizorahisishwa, na watu wakakubali kujifunza.

Hadithi hiyo husimuliwa mara nyingi kama sifa ya udogo na wepesi. Mimi naona kiini chake kilikuwa kwenye kikalio cha plastiki kilichokaa mezani kando ya kompyuta. Kilikuwa na kitufe kimoja. Ulikisimamisha kifaa pale, ukabonyeza, na baada ya muda mfupi yaliyoandikwa mfukoni yalikuwa yamefika kwenye kompyuta, na yaliyoandikwa kwenye kompyuta yamefika mfukoni. Kumbukumbu ya Pilot ilikuwa dhaifu kama ya zile diari za zamani: ukitoa betri ulikuwa na kama dakika moja tu kuweka nyingine. Lakini mwenye kikalio hakuwa na haja ya kutetemeka. Kifaa kikifa, alinunua kingine, akakisimamisha palepale, akabonyeza kitufe kilekile, na majina yakarudi yote. Pilot iliishinda Newton kwa kuahidi machache na kuyarudisha yote.

Baadaye yakaja mashindano ya bei, na hapo ndipo mnunuzi wa leo ana la kujifunza, maana kupunguza bei ni kuchagua cha kukata. Mwaka 1999 Handspring, kampuni mpya ya Hawkins na wenzake, iliuza Visor Solo kwa dola 149. Ilikuwa nafuu kuliko ndugu zake kwa sababu ilikuja bila kikalio. Yaani walikata hasa kile kilichokuwa bima ya mnunuzi, wakamwachia plastiki. Mwaka uliofuata Palm ikatoa m100 kwa bei hiyohiyo, ikiwa na kioo kidogo zaidi na memori ya megabaiti 2, lakini waya wa kuunganishia ulikuwamo ndani ya boksi. Kwa macho ya dukani vifaa hivyo viwili vilikuwa vya tabaka moja. Kwa swali letu, kimoja kilikuwa daftari na kingine kilikuwa kamari. Halafu mwaka 2002 ikaja Zire kwa dola 99: haina taa ya kioo, haina rangi, vitufe vya mbele viwili tu. Waandishi wa teknolojia waliinung'unikia kwa kukosa taa, kana kwamba watu huandika miadi gizani. Dosari yake kubwa ilikuwa kwingine. Betri yake ilikuwa ya kuchajiwa, imefungiwa ndani, na ikiachwa kwenye droo hadi ikauke kabisa, yote yaliyomo yanafutika. Miaka mitatu baadaye, mwaka 2005, kwa dola zilezile 99, Palm ikauza Z22 ambayo kumbukumbu yake haikuhitaji umeme ili kushika kilichoandikwa. Betri ingekauka mwezi mzima na majina yangekuwa palepale. Bei haikubadilika, kilichobadilika zaidi ya rangi ya kioo ni hatima ya yaliyomo.

Huku kwetu watu wengi hawakuwahi kushika Palm. Daftari la mkononi liliwafikia likiwa limejificha ndani ya simu, na kwa wengi ilikuwa Nokia 1100 ya mwaka 2003, ile yenye tochi, ambayo duniani kote ziliuzwa zaidi ya milioni 250. Ilikuwa na saa ya kuamsha, sehemu ya kukumbushia mambo, na orodha ya majina. Kitochi hadi leo ndicho kifaa cha bei ya chini kuliko vyote, na sina dharau nacho hata kidogo: betri inakaa siku kadhaa, kikianguka unakiokota. Ila kipimwe kwa swali lilelile. Wengi huhifadhi majina kwenye laini wakiamini kwamba laini ni mali ya kampuni ya simu, kwa hiyo kampuni inayajua majina hayo. Haiyajui. Laini ikipotea, unakwenda na kitambulisho, unapewa laini mpya yenye namba yako ileile, na salio lako lipo. Unafungua orodha ya majina, ni tupu. Mama Zawadi wa Maziwa hayupo, Fundi Bomba hayupo, mwenye nyumba hayupo. Majina yalikuwa kwenye kile kipande cha plastiki kilichopotea, na hapakuwa na nakala mahali pengine popote. Kumbuka pia kwamba laini nyingi hubeba majina 250 hivi, na huyakata yakiwa marefu, ndiyo maana "Mzee Juma wa Mbao Buguruni" huishia "Mzee Juma wa Mb".

Simu janja ya bei ya chini ina dawa ya tatizo hili, lakini dawa hiyo huharibikia kaunta. Majina na miadi yakiwekwa kwenye akaunti ya barua pepe, nakala hukaa mbali na simu, kama kile kikalio cha mwaka 1996, isipokuwa sasa hakuna kitufe cha kubonyeza. Sasa tazama inavyokuwa dukani. Mteja hana barua pepe, na simu inaidai ndipo ikubali kufunguka vizuri. Kijana wa dukani, ana haraka, anamfungulia hapohapo, anabuni neno la siri, anampa simu, na neno la siri anabaki nalo yeye au halibaki na yeyote. Simu inafanya kazi vizuri kwa miaka miwili. Siku inapoibiwa, nakala zipo, zimetunzwa salama kabisa, nyuma ya mlango ambao hakuna anayejua ufunguo wake. Uchungu wake ni mkubwa kuliko wa laini iliyopotea, maana majina hayajafutika. Neno la siri liandikwe kwenye karatasi, karatasi iwekwe nyumbani pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Baadhi ya washauri wa usalama wa mitandao hawapendi ushauri huu, lakini mwizi wa simu wa stendi haji kupekua sanduku la vyeti.

Kuna atakayesema: haya yote ya nini, daftari la karatasi lipo na halihitaji chaji. Namheshimu, na kwa jambo moja namkubalia kabisa. Deni liandikwe kwenye karatasi, mdaiwa akiona, na ikiwezekana atie saini. Maandishi ya kwenye simu ya mwenye duka hayamwaminishi mtu aliyekusudia kukana. Lakini daftari la karatasi nalo ni nakala moja, linalowa, linaungua, na halilii saa ya dawa ikifika. Mwingine atasema kwamba nakala ya mbali inataka bando. Inataka, ila kidogo sana. Majina mia tatu na namba zake ni maandishi matupu, uzito wake haufiki wa picha moja ya harusi uliyotumiwa kwenye kundi la ukoo.

Pingamizi zito zaidi ni la siri: kwa nini majina ya wateja wangu yakae kwenye kompyuta ya kampuni ya ng'ambo? Sheria zipo, ya Kenya ya mwaka 2019 na ya Tanzania ya mwaka 2022, zote za kulinda taarifa binafsi, lakini sheria haimzuii mtu kuwa mwangalifu. Asiyetaka kuweka majina huko ana njia nyingine. Vitochi vingi vyenye sehemu ya memori kadi huweza kunakili orodha nzima kwenye kadi. Kadi ikitolewa na kuwekwa kabatini, ni nakala halali. Itakosa taarifa za karibuni, lakini orodha ya miezi mitatu iliyopita ni bora kuliko hakuna.

Kuna kosa moja ambalo hata nakala kumi hazilitibu: miadi iliyoingizwa kwa saa isiyo yake. Kadi ya zahanati imeandikwa saa 3 asubuhi. Mtu anafungua kalenda ya simu, anaandika 3:00, anachagua ile alama ya asubuhi, na simu inamwamsha saa tisa usiku. Vifaa hivi vilibuniwa na watu wanaohesabu saa kuanzia usiku wa manane, sisi tunahesabu kuanzia jua linapochomoza na linapozama. Nafuu ni kuiweka simu kwenye saa 24: saa 3 asubuhi ni 09:00, saa 8 mchana ni 14:00, saa 3 usiku ni 21:00. Mtego unabaki kwenye usiku wa kuamkia. Basi la saa 10 alfajiri, usiku wa kuamkia Ijumaa, kwenye kalenda ni Ijumaa 04:00, na anayeliandika Alhamisi kwa sababu ataondoka nyumbani Alhamisi usiku ataamshwa siku nzima kabla ya wakati. Na kwa wanaotegemea kalenda ya Kiislamu ya kwenye simu, ile ni hesabu tu. Mwezi ukiandama, kalenda hiyo inaweza kuwa mbele au nyuma kwa siku moja.

Basi ukifika dukani, kabla ya kutaja bei, omba nafasi ya dakika kumi. Andika jina moja la kubuni na miadi moja ya kesho. Kama ni kitochi, nakili orodha kwenye memori kadi, zima, toa betri, kadi iingize kwenye simu nyingine uone kama jina linasomeka. Kama ni simu janja, fungua akaunti kwa mkono wako mwenyewe, kisha ingia kwenye akaunti hiyo kwa simu ya mwenzako. Kama ni ya mtumba, iamuru ifute kila kitu papo hapo mbele ya muuzaji. Ikiwaka upya na kudai akaunti ya mwenyewe wa zamani, irudishe taratibu kaunta. Muuzaji anaweza kununa kidogo, mchana kuna wateja wengi. Jina likionekana kwenye ile simu ya pili, kilichobaki ni kupatana bei.